Death Magnetic: Metallica waliporudi kwenye uzito, na kelele iliyoufunika

Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila bendi kongwe ya metali inapotangaza albamu mpya, jambo la kwanza wanamuziki wake hulisema kwenye mahojiano ni kwamba safari hii wamerudi kwenye uzito wa zamani. Kauli hiyo imezoeleka kiasi kwamba mashabiki hatuihoji tena, tunangoja tu wimbo wa kwanza utoke ili tuanze kubishana. Ningependa tuipime kauli hiyo kwa kutumia albamu moja ambayo kweli ilirudi, nayo ni Death Magnetic ya Metallica, iliyotoka tarehe 12 Septemba 2008. Nimeichagua kwa sababu ndani yake mna mambo mawili yanayogombana: utunzi wake ni mzito kuliko kazi yoyote waliyoitoa tangu 1988, lakini rekodi iliyofika madukani iliubana uzito huo kwa kutafuta ukubwa wa sauti. Msimamo wangu ni kwamba uzito wa muziki huu hauletwi na kushusha gita, yaani kulegeza nyuzi zake ili zitoe sauti ya chini zaidi, wala kupandisha sauti. Uzito uko kwenye utunzi, kwenye mkono wa mpigaji, na kwenye nafasi inayoachwa kati ya pigo moja na jingine.

Tuanze na walikotoka. Kati ya 1983 na 1988 Metallica walitoa albamu nne zilizojenga jina lao katika metali ya kasi iitwayo thrash, na ya tatu kati ya hizo, Master of Puppets ya 1986, ndiyo ambayo watu wengi huitumia kama kipimo. Mwaka 1991, wakiwa na prodyuza Bob Rock, walitoa albamu yenye jina la bendi, wakafupisha nyimbo, wakapunguza mwendo, na wakauza kuliko walivyowahi kuuza. Halafu zikaja Load mwaka 1996 na Reload mwaka 1997, ambapo gita nyingi zilishushwa nusu hatua, bluzi ikaingia kwa wingi, na hata nywele zikakatwa, jambo ambalo baadhi ya mashabiki wanalilalamikia mpaka leo utadhani walinyolewa wao. Mimi simo miongoni mwa wanaozitukana albamu hizo, kwani zina nyimbo zilizotungwa kwa ufundi mkubwa, ila hazikuwa nzito na wala hazikudai kuwa nzito.

Iliyodai ni St. Anger ya Juni 2003. Mpiga besi Jason Newsted alikuwa ameondoka Januari 2001, na katikati ya mwaka huohuo mwimbaji na mpiga gita James Hetfield akaingia kwenye matibabu ya ulevi, kazi ikasimama kwa miezi mingi, na walipokutana tena Bob Rock mwenyewe ndiye aliyepiga besi studioni. Ukitazama vigezo ambavyo watu huvitaja wanapozungumzia uzito, albamu hii inavyo vyote: gita zimeshushwa mpaka noti ya C katika nyimbo nyingi, dramu zinakwenda kasi, mwimbaji anafoka, na solo za gita zimeondolewa kabisa ili pasiwe na kitu cha kulegeza hasira. Ngoma ndogo ya mbele, ile yenye nyuzi za chuma chini yake, ilipigwa nyuzi hizo zikiwa zimelegezwa, ikabaki na mlio wa bati ambao unavuma kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Nyimbo nyingi zilitokana na vipande vya mazoezi vilivyokatwa na kuunganishwa kwenye kompyuta. Kinachosikika ni hasira ya kweli, sikatai, lakini mapigo hayatui. Rifu, yaani kile kipande cha gita kinachorudiwarudiwa na kuubeba wimbo, inazungushwa mpaka inachosha kabla haijafika mahali.

Ndipo wakamwendea Rick Rubin. Huyu alikuwa prodyuza wa Reign in Blood, albamu ya bendi ya thrash iitwayo Slayer, mwaka 1986, lakini pia ndiye aliyemrekodi mwimbaji wa country Johnny Cash akiwa mzee akiwa na gita lake moja tu katika miaka ya 1990, kwa hiyo hakuwa mtu wa kelele peke yake. Alichowaambia Metallica kimesimuliwa na wanamuziki wenyewe mara nyingi: warudi kwenye hali ya akili waliyokuwa nayo wakati wa Master of Puppets, bila kuogopa kufanana na wao wa zamani. Kwa miaka mingi bendi ilikuwa inakimbia kivuli chake, na ilipotokea rifu iliyofanana na kazi za miaka ya 1980, waliiweka kando. Rubin aliondoa marufuku hiyo. Pia alitaka nyimbo ziwe zimeiva kwenye mazoezi kabla ya mashine za kurekodi kuwashwa, kinyume kabisa na utaratibu wa St. Anger.

Jambo linalonivutia zaidi ni hili. Albamu iliyowarudisha kwenye uzito ilirekodiwa gita zikiwa zimepandishwa. Waliacha C ya St. Anger na nusu hatua ya Load, wakarudi kwenye mpangilio wa kawaida wa gita unaoanzia E, ambao ndio uliotawala kazi zao za mwanzo. Mwenye kucharaza gita ataelewa sababu yake mara moja. Uzi uliolegezwa sana huyumba baada ya kuguswa na huchelewa kutulia, lakini uzi uliokazwa hurudi mahali pake upesi, na mtindo wa Hetfield wa kupiga kila noti kwa kushusha mkono wa kulia, huku ubavu wa kiganja ukiwa umezibana nyuzi karibu na daraja (kile kipande kinachozishikilia nyuzi kwenye mwili wa gita), unautegemea sana ukazo huo. Kila pigo linakuwa na mwanzo na mwisho wake. Sikilizeni "That Was Just Your Life", wimbo unaofungua albamu: mapigo ya moyo, gita safi lisilo na mkwaruzo, mapigo machache mazito yenye kimya katikati yake, halafu rifu ya kasi inaingia na unaweza kuzihesabu noti zake moja moja. Hakuna wimbo wa St. Anger unaoweza kusikilizwa kwa namna hiyo.

Urefu nao ulirudi. Albamu ina nyimbo 10 katika muda wa karibu dakika 75, na ni "My Apocalypse" peke yake inayokaribia kuishia kwenye dakika ya tano, kwani nyingine zote zinavuka dakika sita. Hata mpangilio wa nyimbo unazungumza na albamu za zamani. Katika Ride the Lightning wimbo wa nne ni "Fade to Black", katika Master of Puppets ni "Welcome Home (Sanitarium)", katika ...And Justice for All ni "One", na zote tatu huanza kwa upole na kuishia kwa kasi. Wimbo wa nne wa Death Magnetic ni "The Day That Never Comes", nao umejengwa vivyo hivyo. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi hatuhitaji maelezo marefu hapa, kwa sababu tunajua vizuri wimbo unaoanza kwa sauti ya mwimbaji na kuishia mikononi mwa wapiga magita pale sebene linapochanganya. Dakika tatu za mwisho za wimbo huu ni gita mbili zinazokimbia sambamba, kisha Kirk Hammett anapewa nafasi ya solo ambayo mwaka 2003 alinyimwa kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

Kuna pia "Suicide & Redemption", wimbo wa ala tupu wa karibu dakika kumi, ambao ulikuwa wa kwanza wa aina hiyo walioutunga kwa albamu yao ya studio tangu "To Live Is to Die" ya 1988. Hapa ndipo Robert Trujillo, aliyejiunga mwaka 2003 akitokea kwa Ozzy Osbourne na kabla ya hapo bendi ya Suicidal Tendencies, anasikika vizuri kwenye besi. Anapiga besi kwa vidole kama marehemu Cliff Burton, mpiga besi wao wa miaka ya 1980, tofauti na Newsted aliyetumia kibao cha kuchapia nyuzi, na mlio wake una unene unaoshikilia gita kutoka chini.

Sisemi kwamba albamu haina kasoro za utunzi. "The Unforgiven III", pamoja na piano yake ya mwanzo, ni mwendelezo ambao sidhani kama kuna aliyeuomba, na katika "The Judas Kiss" rifu zimerundikwa nyingi kuliko wimbo unavyoweza kubeba. Hizo ni kasoro za watu waliopata tena hamu ya kula. Kasoro kubwa iko kwingine, kwenye sauti yenyewe, ambayo imebanwa mpaka kilele cha mawimbi yake kimekatwa. Ningependa kusikia mawazo yenu kabla sijaendelea na hilo.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeandika vizuri, lakini nadhani umeionea St. Anger. Unapima uzito kwa usafi wa noti, kana kwamba tunasahihisha mtihani wa muziki. Wengine tunaupima kwa kile kinachotugusa kifuani. Yule ni mtu aliyetoka kwenye matibabu, bendi ikiwa karibu kuvunjika, na filamu ya Some Kind of Monster ya 2004 inatuonyesha jinsi walivyokuwa hawawezi hata kukaa chumba kimoja bila mshauri wa kuwapatanisha. Ule mlio wa bati na zile rifu zisizokwisha ndiyo hali halisi waliyokuwamo. Death Magnetic kwangu ni kazi ya mafundi waliotulia wakitengeneza nakala nzuri ya ujana wao. Ni kazi safi, ndiyo, ila sioni hatari yoyote ndani yake.

Mleta uzi

Nakubaliana nawe kuhusu ukweli wa hisia, na ndiyo maana nimesema hasira ile ni ya kweli. Tunachotofautiana ni kwamba wewe unaichukua hasira na uzito kama kitu kimoja. Mtu anaweza kuwa na hasira na ngumi yake isiwe na nguvu kwa sababu hakusimama vizuri. Kuhusu nakala, ungekuwa sahihi kama Death Magnetic ingetumia rifu za 1986 kwa majina mapya, lakini chukua "All Nightmare Long": kiitikio chake kina sauti ya pamoja na mdundo ambavyo Metallica wa 1986 wasingeviandika, maana walikuwa hawajajifunza somo la 1991 la kuandika kiitikio ambacho uwanja mzima unaweza kukiimba. Walirudi na walichojifunza njiani. Jambo ambalo hawakulibeba kutoka Load ni ule ulegevu wa mwendo.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mleta uzi, hili la sauti kubanwa nimelisikia mara nyingi na sijawahi kulielewa. Mimi albamu hii naisikiliza kwa simu na visikizio vya kawaida nikiwa kwenye basi, na naiona inasikika vizuri, tena inapita kelele za injini na za kondakta. Je, kuna ushahidi kwamba tatizo liko kwenye hatua ya mwisho ya kuandaa rekodi kabla haijaenda madukani, au ni waungwana wenye spika za bei kubwa wanaotafuta la kulalamikia?

Mleta uzi

Swali zuri, na ushahidi upo, tena ulitoka mahali ambapo hakuna aliyetarajia.

Kwanza nieleze tatizo. Faili ya sauti ya dijitali ina dari ambayo wimbi haliwezi kulivuka. Mhandisi akitaka wimbo usikike mkubwa zaidi, hupunguza tofauti kati ya sehemu za sauti ndogo na sehemu za sauti kubwa, kisha huinua vyote pamoja kuelekea darini. Akizidisha, vilele vya mawimbi hugonga dari na kukatwa, na kila kilichokatwa hugeuka mkwaruzo. Ngoma ndiyo inayoumia kuliko vyote, kwa kuwa pigo la ngoma ni kilele kirefu cha muda mfupi sana. Kilele kikikatwa, ngoma haitoki tena mbele ya gita, inabaki kugonga kwa ndani kama mtu anayebisha mlango uliofungwa. Shindano la makampuni ya muziki la kutaka kila rekodi isikike kubwa kuliko ya jirani lilikuwa limeanza zamani, na Death Magnetic ikawa mfano wake maarufu.

Sasa ushahidi. Siku ambayo albamu ilitoka, nyimbo zake ziliwekwa pia kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero III. Mchezo ule humtaka mchezaji abonyeze vitufe sambamba na gita, na akikosea, gita linanyamaza huku ala nyingine zikiendelea. Ili jambo hilo liwezekane, watengenezaji wa mchezo hupewa kila ala katika njia yake, kabla vyote havijabanwa pamoja katika hatua ya mwisho. Mashabiki walipozitoa nyimbo kwenye mchezo na kuzilinganisha na CD, wakakuta ngoma zinapumua, besi inasikika, na michoro ya mawimbi kwenye kompyuta ina mabonde na vilima, wakati ile ya CD ni tofali lililonyooka. Wanamuziki ni walewale, na nyimbo zilipigwa mara moja tu. Watu zaidi ya 10,000 walitia saini ombi la mtandaoni wakitaka albamu ifanyiwe miksi upya, yaani sauti za ala zote ziunganishwe na kusawazishwa upya. Ted Jensen, mhandisi aliyefanya kazi ya mwisho, alimjibu shabiki mmoja kwamba miksi ilipomfikia ilikuwa tayari imebanwa kupita kiasi, na jibu hilo likasambaa dunia nzima. Mpiga dramu Lars Ulrich kwa upande wake aliitetea sauti ile na kusema ameridhika nayo.

Kuhusu basi, uko sahihi kabisa, na hapo ndipo penye mtego. Sauti iliyobanwa husaidia palipo na kelele, kwa sababu hakuna sehemu inayozama. Jaribu kuisikiliza nyumbani usiku kwa dakika 75 mfululizo, halafu uweke Master of Puppets. Ile ya kwanza itakuchosha masikio kabla haijaisha, na hiyo ya pili utataka kuiongeza sauti mwenyewe.

Mchangiaji wa tatu

Wakuu, naona tunaihukumu kwa masikio ya wahandisi. Albamu iliingia namba moja Marekani kwa nakala zipatazo 490,000 katika siku tatu tu za mauzo, na "My Apocalypse" ikachukua tuzo ya Grammy mwaka 2009. Halafu huu ni muziki wa metali. Mkwaruzo ndiyo chakula chake, sasa tunalalamikia mkwaruzo?

Mleta uzi

Mauzo ya siku tatu yanapima hamu ya watu waliongoja miaka mitano, hayapimi kilichokuwamo ndani ya kasha. Wengi walinunua kabla hawajasikiliza.

Kuhusu mkwaruzo, tutofautishe aina mbili. Mkwaruzo wa gita huzalishwa na amplifaya, na mpigaji huuchagua kwa makusudi, akaupunguza au akauongeza mpaka noti na ukali viafikiane. Huo unaligusa gita tu. Mkwaruzo unaotokana na vilele kukatwa haukuchaguliwa na mpigaji yeyote, nao hugusa kila kitu kwa wakati mmoja, yaani sauti ya mwimbaji, matoazi, besi na ngoma ya mguu. Rudini kwenye "The Day That Never Comes" na msikilize ile sehemu ya kasi niliyoisifu: ngoma zinapopigwa kwa nguvu zote, unasikia mpasuko mdogo juu ya kila pigo. Mara tu unapousikia, hutaacha kuusikia tena, na kwa hilo naomba radhi mapema.

Ndiyo maana nasema rekodi iliuficha uzito. Pigo zito linahitaji kitu chepesi kando yake ili sikio lipate kulinganisha. Albamu ilitungwa ikiwa na tofauti hizo, kama nilivyoonyesha kwenye wimbo wa kwanza, kisha tofauti hizo zikasawazishwa na mashine.

Mchangiaji wa pili

Nimekuelewa mkuu, na nimeshaanza kuutafuta huo mpasuko. Swali la mwisho: zile albamu zilizofuata ziliendeleza njia hiyo, au Death Magnetic ilikuwa ziara ya mara moja? Na kwa mtu ambaye hajawahi kuisikiliza yote, aanzie wapi?

Mleta uzi

Ziliendeleza, kwa sehemu. Hardwired... to Self-Destruct ya 2016 na 72 Seasons ya 2023 ziliongozwa na Greg Fidelman, ambaye ndiye aliyefanya miksi ya Death Magnetic, akishirikiana na Hetfield na Ulrich, na sauti katika zote mbili ina nafasi zaidi. Hardwired ilitungwa bila rifu za Hammett, kwa sababu alipoteza simu aliyokuwa amerekodia mamia ya mawazo yake bila kuwa na nakala nyingine (wenye kurekodi nyimbo kwenye simu, mmesikia), lakini inafungwa na "Spit Out the Bone", ambao kwa maoni yangu ndio wimbo wao wa kasi ulio bora kuliko wote tangu miaka ya 1980. 72 Seasons ina nyimbo nzuri, ila inazunguka mno ndani ya mwendo mmoja wa kati.

Kwa anayeanza, asifuate mpangilio wa CD. Aanze na "All Nightmare Long", kwa kuwa ndani yake mna kila nilichokitaja, kisha "That Was Just Your Life", kisha "The Day That Never Comes" asikilize mpaka mwisho bila kuruka. "The Unforgiven III" anaweza kuiacha. Akimaliza hizo, atafute pia Beyond Magnetic, mkusanyiko wa nyimbo nne zilizobaki kwenye vikao vilevile vya kurekodi na kutolewa mwishoni mwa 2011, hasa "Hell and Back". Na asiongeze sauti mwanzoni, wahandisi wameshamwongezea.